Sifuri Si Pengo

Nimeshika chaki miaka mingi, na nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu hadi nilipostaafu. Sikudhani kwamba uzeeni ningegombana na kijana kwa sababu ya mikato miwili. Ndivyo ilivyotokea, na sijutii.

Mkufunzi mmoja kijana alinijia nyumbani na kompyuta yake ili nione programu aliyoiandika kwa lugha ya Python ya kukokotoa alama za wanachuo. Alama zimo katika faili la maandishi matupu: kila mwanachuo na mstari wake, kila alama imetengwa na jirani yake kwa mkato. Programu husoma mstari, huukata penye mikato, kisha hugeuza kila kipande kuwa namba. Kwa kweli nilipendezwa. Kazi tuliyokuwa tukiikesha kwa mwanga wa karabai ilikwisha kabla chai yangu haijapoa.

Kisha nikaona kwamba binti mmoja ameshindwa. Nikaomba kuuona mstari wake: 60,72,,66. Mikato miwili imefuatana. Mtihani wa tatu hakuufanya, kwani alikuwa amelazwa hospitali. Kijana akanieleza bila wasiwasi: "Mzee, Python ikikuta kipande kitupu hukataa kukigeuza kuwa namba, na programu husimama. Kwa hiyo nimeiamuru penye utupu iweke sifuri."

Ndugu msomaji, piga hesabu mwenyewe. Jumla ni 198. Ukigawa kwa 3 unapata 66. Ukigawa kwa 4 unapata 49.5. Alama ya kufaulu ilikuwa 50.

Nasema wazi: huo ni uongo, hata kama umesemwa na mashine. Sifuri ni jibu la mtu aliyekaa kwenye chumba cha mtihani akakosa kila swali. Pengo ni ukimya wa mtu ambaye hakuwapo. Python ilipokataa ilikuwa inasema kweli: hapa hamna namba. Ni mwanadamu aliyeiziba mdomo.

Najua utetezi wake: ofisi inataka matokeo, haitaki programu inayokwama. Lakini karani wa zamani alipofika penye nafasi tupu kwenye daftari, kalamu ilisita, akauliza. Kusita kule kulikuwa sehemu ya kazi. Mashine iliyofundishwa kutosita itawaonea mamia kwa dakika moja, na hakuna atakayejua.

Wala sisemi pengo lirukwe kimyakimya. Tukifanya hivyo, mtoro atakayekwepa mtihani mgumu atawapita waliokaa wakautoa jasho. Njia ya haki ipo. Maktaba ya NumPy ina genfromtxt, ambayo penye utupu huweka alama ya nan, yaani si namba. Ukiijumlisha na chochote, jibu nalo huwa nan. Pengo halijifichi, linamngoja mwanadamu aulize, kisha aamue kama binti atafanya mtihani wa marudio, au wastani uwe wa mitihani mitatu na iandikwe hivyo.

Basi ninyi mnaofundisha vijana ufundi huu, wafundisheni kwanza kulifungua faili na kulitazama kwa macho yao, mstari kwa mstari. Nyuma ya kila mkato yupo mtu. Mwenye haraka ya kujaza mapengo ya wenzake hafai kushika daftari la alama, liwe la karatasi au la umeme.