Siku 120 si kisingizio

Jioni moja hapa Likoni, baada ya sala ya Magharibi, tulikuwa tumekaa barazani. Mazungumzo yalikuwa juu ya binti wa mtaani aliyezikwa siku mbili nyuma. Alikuwa na mimba, hakumwambia mtu. Akanywa madawa aliyopewa, damu ikamtoka, na alipovushwa feri kupelekwa hospitali ng'ambo, wakati ulikuwa umekwisha pita. Mmoja wetu akasema, "Ameua, naye amekufa." Mwengine akamjibu, "Hakuua bwana. Miezi minne haijatimu, roho haijapulizwa." Wakashindana mpaka adhana ya Isha. Hapana aliyeuliza habari za aliyempa mimba.

Naam, kila mmoja alikuwa na kipande cha kweli. Tuanze na sheria ya nchi. Katiba tuliyoipigia kura Agosti 4, 2010, kifungu cha 26, yasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Kutoa mimba hakuruhusiwi, isipokuwa mtaalamu wa afya akiona pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyengine ikiruhusu. Wakati ule makanisa mengi yaliipinga Katiba kwa mambo mawili: Mahakama za Kadhi na kifungu hiki. Sisi tuliyashughulikia ya Kadhi, haya ya pili tukayapita. Lakini hayakutupita. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Malindi, katika kesi ya mwanafunzi wa Kilifi na mganga aliyemtibu, ilisema huduma hiyo ni haki ya msingi. Hukumu hiyo ikakatiwa rufani.

Upande wa dini, hadithi ya Ibn Masud, ambayo kila aliyesoma Arbaini za Imamu Nawawi anaijua, yataja siku 40 za tone, 40 za pande la damu na 40 za pande la nyama, kisha malaika hutumwa kupuliza roho. Hizo ni siku 120. Baada ya hapo wanazuoni wamekaza kuwa ni haramu, ila kwa kumnusuru mama. Kabla ya hapo wamekhitilafiana: Wamaliki wamezuia, baadhi ya Wahanafi wameruhusu kwa udhuru, na sisi Washafii tuna kauli zaidi ya moja. Imamu Ghazali, katika Ihya, asema ni kosa tangu mbegu inapotua tumboni, na uzito wake huzidi kila hatua.

Angalia pia jinsi fikihi inavyomhesabu aliye tumboni. Mume akifa akamwacha mkewe mja mzito, fungu la mtoto huwekwa, naye hulirithi akizaliwa hai. Eda ya mjane huyo haishi mpaka ajifungue. Mtu akimpiga mja mzito, mimba yenye umbo la mtu ikaharibika, hulipa ghurra, ambayo thamani yake ni ngamia 5, ilhali dia kamili ni ngamia 100. Basi kilichomo tumboni si kitu cha kutupwa, wala hakikulinganishwa na mtu aliyekwisha zaliwa.

Kwa hivyo yule aliyesema "ameua" alikata hukumu ambayo wanazuoni wenyewe waliiendea kwa tahadhari. Na yule wa siku 120 aliugeuza mpaka wa rehema ukawa kisingizio. Udhuru hupimwa na tabibu na mwanachuoni, haupimwi na muuza dawa wa uchochoroni.

Uchunguzi uliohusisha Wizara ya Afya ulikisia kuwa mwaka 2012 mimba zaidi ya 460,000 zilitolewa Kenya, na wanawake kiasi cha 120,000 wakatibiwa kwa madhara yake. Hao wana mama, shangazi na somo. Walinyamaza kwa kuwa walijua baraza litasema nini.

Mimi sihalalishi alichokiharamisha Mungu. Lakini nauliza: binti yule angemwendea nani? Angebisha hodi kwangu usiku ule, je, ningempeleka kivukoni kabla damu haijamwisha, au ningeanza kumhesabia siku? Nina mabinti nyumbani. Sikulala vyema usiku ule, na sina hakika ya jawabu langu.

Wallahu aalam.