Jasho lililomo ndani ya simu

Juma hili twapenda kuwaelezeni habari za kitu ambacho wengi wetu twakichukua mfukoni kila siku bila kukiuliza asili yake, ndicho simu. Ndani yake mna madini ya namna nyingi. Tantali, inayotoka katika koltani, huwekwa katika vipande vidogo sana vinavyotunza umeme. Bati, litokalo katika mawe ya kasiterite, hulehemu vipande hivyo vishikamane. Kobalti imo ndani ya betri. Nao wanaoyachimba twawajua: ni ndugu zetu wa Kivu, Maniema na Katanga, wenye kushuka shimoni na sululu na chepe.

Huko Amsterdam, katika nchi ya Uholanzi, yuko mtu aitwaye Bas van Abel. Mwaka 2010 yeye na wenzake walianza kuwaeleza watu wa kwao jinsi madini ya Kongo yanavyoweza kulisha vita. Lakini baadaye waliona kwamba maneno peke yake hayatoshi. Atakaye kujua kweli jinsi simu inavyotengenezwa, na aitengeneze yeye mwenyewe. Basi mwaka 2013 wakaanzisha kampuni, wakaiita Fairphone, maana yake simu ya haki. Maelfu ya watu walilipa fedha zao kabla simu yenyewe haijatengenezwa. Simu za namna ile ya kwanza zilizouzwa zilifika 60,000 hivi.

Sasa fikirini neno hili. Mwaka ule ule wa 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuzidai kampuni zieleze kama madini yao yatoka Kongo au nchi jirani, na kama yanawasaidia wenye silaha. Shabaha ilikuwa njema. Lakini wanunuzi wengi waliona ni rahisi zaidi kuikimbia Kongo kabisa. Na serikali yetu nayo ilisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, tangu Septemba 2010 hata Machi 2011. Wachimbaji wengi wasio na hatia wakakosa kazi, na jamaa zao wakakosa chakula na karo ya shule.

Van Abel na wenzake walichagua njia nyingine. Hawakuikimbia Kongo, bali waliitafuta. Walipata bati la mgodi wa Kalimbi, karibu na Nyabibwe, katika Kalehe, na tantali ya Katanga. Kila gunia lilitiwa kibandiko chenye namba, na namba hiyo ikaandikwa kitabuni, ili wayeyushaji waweze kujua limetoka shimo gani. Nia yao ilikuwa hii: ukimwacha mchimbaji mwema kwa sababu ya mwenye bunduki, wawaadhibu wote wawili, ila mwenye bunduki atapata njia nyingine, na yule maskini hatapata.

Je, wamefaulu kabisa? Hapana, na wenyewe husema waziwazi kwamba simu yenye haki kamili bado haijapatikana. Kibandiko chaweza kufungwa kwenye gunia la shimo jingine. Mwaka 2024 wapiganaji wa M23 waliuteka mgodi mkubwa wa koltani wa Rubaya. Kibandiko hakina nguvu ya kumfukuza mwenye bunduki. Yahitajika amani, pamoja na wakaguzi wasiokula rushwa.

Tena kuna jambo la pili, nalo latuhusu sana. Kila simu inayotupwa upesi yadai mashimo mengine yachimbwe. Kwa hiyo, Desemba 2015, kampuni hiyo ilitoa simu ya pili ambayo mwenyewe aweza kuifungua na kubadili betri au kioo bila kumwita fundi. Simu hiyo iliendelea kupata programu mpya hata mwaka 2023. Van Abel aliacha uongozi mwaka 2018, lakini kazi haikusimama. Mwaka 2020 kampuni ilijiunga na wengine ili kuwasaidia wachimbaji wadogo wa kobalti huko Kolwezi.

Na sisi je? Hatuwaambii mnunue simu ya namna hiyo, kwa maana bei yake ni kubwa. Lakini wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Simu inayotengenezeka isitupwe kwa kuona haya mbele ya rafiki mwenye mpya. Kijana anayetengeneza simu sokoni tusimdharau. Kazi yake ni ya heshima, nayo yapunguza mashimo. Betri iliyokufa isitupwe shambani wala mtoni.

Mwisho, twamlaumu mnunuzi wa Ulaya kwa kuwa hakuuliza ni nani aliyechimba. Lakini sisi twanunua makaa, matofali na mihogo: twauliza aliyeyabeba kichwani amelipwa nini? Mtoto wa ndugu yetu anayetufulia nguo, ameandikwa shuleni? Wazazi, jibuni swali hili nyumbani mwenu kwanza. Hapo ndipo tutakapoweza kuwadai haki wanunuzi wa mbali bila kuona haya.