Betri Orijino au Feki? Tuulize Nani Atairudisha

Wanachuo wenzangu, ubishi huu mnaujua. Mmoja anasema nunua betri ya kampuni yenye jina, hizo nyingine ni mapambo. Mwingine anamcheka: "Zote zinatoka China, unalipia nembo tu." Iwe ni pawabenki, tochi ya kichwani au zile sigara za kielektroniki ambazo watu wanavuta kwa kujificha, ubishi ni huo huo. Mimi naona kila mmoja ana nusu ya ukweli.

Tuanze na hesabu. Betri ya duara inayokaa kwenye tochi nyingi inaitwa 18650. Jina hilo ni vipimo tu: upana milimita 18, urefu milimita 65. Ndani ya umbo hilo, watengenezaji wazuri kabisa duniani wanaishia kwenye mAh 3,500 hivi. Sasa nenda sokoni utakuta imeandikwa 9,900, tena kwa bei ya chini. Huo ni uongo uliochapwa kwenye karatasi ya plastiki. Ishike mkononi: betri nzima ya aina hiyo ina gramu 45 hivi au zaidi kidogo. Ukiona nyepesi sana, jua ndani hakuna cha maana.

Kwa hiyo anayetetea kampuni kubwa ana hoja. Betri makini husema ukweli kuhusu chaji yake, na pawabenki makini ina saketi ya kukata umeme ikijaa au ikipiga shoti. Ikikosa hiyo, unalala nayo kitandani kwa hatari yako.

Lakini ushauri wa "nunua orijino" unatosha? Kwetu Madibira mkulima wa mpunga anaweza kupata zamu ya maji usiku. Tochi ikimzimikia katikati ya majaruba, anabaki gizani na maji yanakwenda kwa mwingine. Huyo akiambiwa anunue jina kubwa atalinunua, ila nembo nayo inachapwa, tena vizuri. Amelipa bei ya orijino, amepewa feki. Halafu kuna kampuni ndogo isiyojulikana inayoandika jina lake yenyewe na mAh 2,000 za kweli. Hiyo ni rahisi lakini si feki. Tusichanganye mambo haya mawili.

Na jina kubwa nalo huanguka. Mwaka 2016 simu za Samsung Galaxy Note 7 zilishika moto, na kampuni yenyewe baadaye ikakiri kuwa tatizo lilikuwa betri. Tofauti ilionekana baada ya moto: simu zilirudishwa na wateja wakarudishiwa pesa. Kwa maoni yangu hapo ndipo thamani ya jina ilipo. Jina ni mtu wa kumwendea mambo yakiharibika. Betri feki ikikulipukia utamwendea nani?

Mwaka huo huo, mwezi Juni, TCRA ilizima simu feki nchini. Iliwezekana kwa sababu kila simu ina namba ya IMEI, unabonyeza *#06# na kuihakiki. Betri haina namba ya kuzimwa kwa mbali. Ipo Tume ya Ushindani, FCC, na ipo sheria ya alama za bidhaa ya tangu 1963, lakini mkaguzi hawezi kusimama kila meza ya machinga kuanzia Rujewa hadi Mafinga. Ulinzi wa kwanza ni pale unapotoa hela.

Kwa hiyo bumu likiingia, kabla ya kuuliza "ni orijino?", maana kila muuzaji atakujibu ndiyo, muulize hivi: "Ikifa ndani ya mwezi mmoja, unairudisha? Niandikie kwenye risiti." Akikwepa, ondoka, hata kama nembo inang'aa. Akikubali na kuandika, hata betri ya jina dogo ina mwenyewe.

Na serikali yetu ya wanafunzi iweke sharti moja kwa wanaouza vifaa vya umeme ndani ya chuo: risiti na dhamana ya maandishi. Halihitaji bajeti. Tunalala wengi chumba kimoja, na pawabenki ya mwenzako ikiwaka haitachagua kitanda.