Mwenye Farasi Nje ya Lango

Ni wachache kati yenu waliokwisha kumwona farasi wa mashindano kwa macho, labda wale waliokaa Nairobi karibu na uwanja wa Ngong. Na wengi mkisikia habari za mbio za farasi mnafikiri kamari tu. Kweli kamari ipo, tena imevunja nyumba za watu, nami siji kuisifu hapa. Ninayetaka kumtaja leo ni mtu mwingine, yule mwenye farasi, na mambo yaliyompata huko Uingereza katika kiangazi cha mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona.

Kwanza tuulize, siku ya mashindano mwenye farasi ana kazi gani? Hana kazi. Mwalimu wa farasi ndiye aliyemfundisha mnyama. Saisi, yaani mtunzaji, ndiye anayemlisha, kumsugua na kumtoa bandani alfajiri. Mpanda ndiye atakayehatarisha shingo yake. Mwenye farasi yeye hulipa. Hulipa majani na shayiri, hulipa daktari wa mifugo, hulipa fundi wa kupigilia vyuma vya kwato, mwezi baada ya mwezi, na farasi wengi hawarudishi gharama zao. Malipo yake mwenyewe ni dakika chache tu: kusimama katika ua farasi wanapozungushwa kabla ya mbio, kusema maneno mawili na mpanda, na Mungu akijalia, kwenda kumpokea mnyama wake akirudi anatoka jasho, ampigepige shingoni.

Basi dakika hizo ndizo zilizoondolewa. Kuanzia tarehe 18 Machi mbio zote zilisimamishwa. Lakini farasi si mashine ya kuzimwa na kufunikwa turubai. Hula kila siku, na lazima afanyishwe mazoezi. Tena umri wake haungoji. Upande wa kaskazini wa dunia farasi wote wa mbio huhesabiwa kuongeza mwaka tarehe 1 Januari, na yale mashindano makubwa ya Derby, pale Epsom, ni ya farasi wa miaka mitatu peke yao. Aliyeyakosa mwaka huo hana mwaka wa pili. Kwa hiyo wakuu wa mbio walifanya haraka, na tarehe 1 Juni wakafungua uwanja wa Newcastle: mbio kumi kwa siku moja, wapanda wamefunika pua na midomo, kila aingiaye amepimwa joto la mwili. Watazamaji hawakuruhusiwa. Wenye farasi nao hawakuruhusiwa, maana walihesabiwa kuwa watazamaji.

Hapo ndipo paliponishangaza. Mahali ambapo siku zote bwana hutangulia na saisi hufuata na ndoo yake, lango lilifunguliwa kwa saisi, likafungwa kwa bwana. Ni kana kwamba bawabu alimwuliza kila mtu neno moja tu: farasi aweza kukimbia bila wewe?

Hata Malkia Elizabeth wa Pili hakuingia. Uwanja wa Ascot ulianzishwa na Malkia Anne mwaka 1711, nao uko karibu na ngome ya Windsor. Katika miaka 68 ya kutawala kwake, hiyo ilikuwa mara ya kwanza Malkia kuyakosa mashindano yale ya Juni. Alikuwa na umri wa miaka 94, akabaki ngomeni. Tarehe 17 Juni farasi wake mchanga wa miaka miwili, jina lake Tactical, alipandwa na James Doyle, akashinda mbio zenye jina la ngome ileile ya Windsor. Akarudi mbele ya majukwaa matupu.

Huko Marekani, tarehe 5 Septemba, farasi Authentic alishinda Derby ya Kentucky, nayo bila watazamaji. Sehemu ya farasi huyo ilikuwa mali ya watu zaidi ya 5,000, walionunua hisa ndogondogo kwa dola 206 kila moja. Ukwasi wao na wa Malkia haulingani hata kidogo, lakini furaha yao ilipitia mahali pamoja: kioo cha televisheni.

Mwezi wa Julai wenye farasi wa Uingereza walianza kuruhusiwa, wachache wachache na kwa masharti mengi. Wako waliowacheka. Kwa nini kusafiri mbali ukasimame pembeni, na televisheni inaonyesha vizuri zaidi? Mimi siwacheki. Mzee wa kwetu aliyewekesha ng'ombe kwa shemeji yake hutembea kutwa nzima kwenda kuwatazama. Hawakamui, hawauzi, wala hahesabu maziwa. Husimama zizini jioni, akataja rangi zao, akalala, akarudi.

Malkia alirudi Ascot tarehe 19 Juni 2021, miezi miwili baada ya kumzika mumewe. Aliingia katika ua wa farasi, akawatazama kwa karibu. Farasi wake wanne walikimbia siku hiyo, asishinde hata mmoja. Picha zilizopigwa zinamwonyesha akicheka.