Dawa ya Sukari na Bibi Aliyefunga



Wazee wetu wenye kisukari huogopa sukari kupanda, ilhali kushuka ndiko kuangushako upesi. Kidonge cha glibenklamaidi hudumu mwilini na huishusha sukari hata kama aliyekimeza hajala. Tangu 2013, orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani imeeleza kuwa hakiwafai waliopita miaka 60. Basi someni jina kwenye pakiti ya bibi, mwende nayo kwa daktari, msimwachishe wenyewe.

Hatari huzidi anapofunga, naye amemeza daku vidonge vya kutwa nzima. Wengi huona haya kula Ramadhani (na majirani, Mungu atuhidi, huizidisha haya hiyo), ingawa aya ya 184 ya Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa, na asiyetarajia kupona hulisha maskini kwa kila siku. Akitokwa na jasho jembamba, akitetemeka au maneno yakimpotea, mfungulisheni kwa maji ya sukari papo hapo, japo zimebaki dakika tano adhana ya Magharibi. Akizimia, msimtie kitu kinywani, mkimbizeni hospitali.