Taa ndogo husema ukweli wa gari

Je, msomaji, kabla ya kulilipia lile gari unalolitamani, umezichunguza taa zake? Sisemi zile kubwa za mbele. Nasema zile ndogo zilizo kwenye dashibodi, nyuma ya usukani.

Wauzaji wa magari yaliyotumika kutoka Japani hupenda kujigamba kwamba gari lina breki za ABS na mifuko ya hewa. Mnunuzi naye hufurahi, akadhani amenunua uhai. Lakini vifaa hivi huzeeka kama vingine, na ubaya wake ni kwamba hufa kimya kimya. Usipoangalia, utajua siku ya ajali.

Fanya hivi. Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya ABS na ile yenye picha ya mtu na mfuko zinafaa kuwaka, kisha zizime baada ya sekunde chache. Ikikataa kuzima, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, shuku zaidi. Huenda mtu aliing'oa balbu ili usijue kwamba mfuko ulifumuka katika ajali na haukuwekwa mwingine.

Kuna kasoro ambayo hata taa haiioni. Baadhi ya mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani ilitiwa kemikali ya kulipulia ambayo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Inapolipuka, mkebe wake huweza kupasuka na kumrushia dereva vipande vya chuma. Nchini Marekani pekee, mikebe kama milioni 67 iliagizwa ibadilishwe, na mwaka wa 2017 kampuni hiyo ikafilisika. Wewe unayeishi Mombasa au Lamu, jambo hili lakuhusu zaidi. Peleka nambari ya chesisi kwa wakala wa waliounda gari lako, akuangalizie.

Na hizo ABS nazo si miujiza. Kazi yake ni kuzuia magurudumu yasijifunge, ili uweze kukwepa huku umekanyaga breki. Kwenye changarawe, gari laweza hata kwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Tairi zikiwa kipara, hazitakuokoa. Wakati wa hatari usiipigepige pedali. Ikanyage kwa nguvu, wala usishtuke ikitetemeka.

Kisha kumbuka kwamba mfuko wa hewa ni msaidizi wa mkanda, si badala yake. Hufumuka upesi kuliko kupepesa jicho, na asiyefunga mkanda hupigwa nao kama konde. Mama, usimpakate mtoto kiti cha mbele. Wala kile kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe mbele ya mfuko. Watoto wakae nyuma, wafungwe mikanda.

Kesho asubuhi, kabla ya kuwapeleka shuleni, washa swichi, uhesabu hadi kumi, utazame taa.