Kinamasi Si Ardhi Bure

Yako maneno yasemwayo sana katika vilima vyetu vya chai hapa Sotik, nayo hupokewa kama hekima: kwamba kinamasi ni ardhi bure, na kwamba bonde lenye tope halina faida mpaka likaushwe kwa mfereji au kwa mikaratusi. Maneno haya ni kosa, tena kosa lenye gharama, na kijana aliyesoma hana udhuru wa kuyakariri.

Tutazame kwanza pwani, ambako kosa hili limekwisha kupimwa. Katika ghuba ya Gazi, kusini ya Mombasa, mikoko ilikatwa kwa wingi katika miaka ya 1970 ikawa kuni za tanuri, na ufuo ukabaki wazi mbele ya mawimbi. Katika miaka ya 1990 mtaalamu James Kairo, wa taasisi ya nchi yetu ya utafiti wa bahari na uvuvi, alishughulika na kuipanda upya. Hakupanda ovyo. Kila mti una mahali pake: mlilana hukaa mbele kuelekea maji makuu, mkoko hufuata, na mkandaa hupenda karibu na nchi kavu. Mizizi ya mkoko husimama topeni kama miguu mingi. Wimbi likiingia kati yake huvunjika nguvu, tope lililochukuliwa na maji hutua, na ardhi huinuka kidogo kidogo.

Atatokea mtu aseme kuwa ukuta wa mawe ni imara zaidi. Penye mwamba mtupu na mawimbi makali, kama chini ya Ngome ya Yesu huko Mombasa, ukuta una kazi yake. Lakini ukuta hauna uhai. Wimbi huupiga, likarudi na nguvu zake, likachimba msingi. Kisha hutakiwa fundi na fedha. Msitu wa mikoko ukivunjika tawi, huchipua wenyewe.

Mwingine atasema kuwa maskini hali miti. Ni kweli, naye ana haki ya kujibiwa. Mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni walianza mradi wa Mikoko Pamoja, wakatunza hekta 117 za msitu na kuuza thamani ya kaboni iliyofungiwa katika miti na tope lake. Fedha walizopata zimewaletea maji safi na vifaa vya shule. Walipata faida kwa kuuacha msitu usimame.

Hapo mtu wa Sotik hucheka na kusema, "Sisi hatuna bahari." Kweli hatuna, lakini tuna ufuo. Maji ya mto wetu Kipsonoi huingia mto Sondu, na Sondu humwaga katika ghuba ya Winam, Ziwa Viktoria. Huko mafunjo hufanya kazi ifananayo na ile ya mikoko: hupunguza nguvu za mawimbi na kuchuja tope. Lakini yatachuja tope la nani, ikiwa sisi wa juu tumekausha kila bonde? Mwaka 2020 ziwa lilipanda likawatoa watu wengi majumbani mwao. Mvua ndiyo iliyolijaza, na hakuna kinamasi kiwezacho kuzuia mvua. Lakini kinamasi huyapokea maji, huyaweka, huyatoa kwa kiasi. Bonde lililokaushwa huyatupa yote kwa siku moja, pamoja na udongo wa shamba.

Wala mkaratusi si adui. Hutupa nguzo, na kuni zake hukausha majani ya chai viwandani. Tuupande kilimani. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliamuru uondolewe kandokando ya vyanzo vya maji. Amri ile haikuwa na kosa, ila wengi wetu tuliisikia tukaendelea kupanda.

Basi, wanafunzi, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mfereji unaochimbwa bondeni ndio ufa, na ukuta watalipa watu wa ziwani ambao hawakuulizwa. Mzee wenu akitaka kulikausha bonde, msimtukane. Mweleweni kwa adabu maji yale yanakwenda wapi, na mwombeni aliache.